Wali wa kuku na soseji wa sufuria moja: ladha huanzia kwenye kitako

Nikiwa na kuku, soseji, mchele na sufuria moja nzito, chakula cha jioni kimekamilika. Nimelipika pishi hili mara nyingi, kwa ajili ya familia na kwa ajili ya wageni, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usiukimbilie mchele. Utamu wa wali huu unatoka kwenye ile rangi ya kahawia inayogandana na kitako cha sufuria wakati nyama inakaangwa. Wingi wa viungo hauwezi kuchukua nafasi yake.

Watu wa Louisiana, kule Marekani, wana pishi la aina hii wanaloliita jambalaya, na wenyewe wana namna mbili za kulipika. Moja ina nyanya na hutoka nyekundu. Nyingine haina nyanya kabisa, na rangi yake ya kahawia inatokana na nyama iliyokaangwa vizuri. Mimi napita katikati: naweka nyanya ya kopo kijiko kimoja tu, nayo naikaanga mpaka iive na kukolea rangi.

Kwa watu 4 au 5 natumia gramu 600 za mapaja ya kuku yasiyo na mifupa, gramu 300 za soseji za moshi, vikombe 2 vya mchele wa punje ndefu, vitunguu maji 2, pilipili hoho 1, mabua 2 ya seleri, punje 4 za kitunguu saumu na vikombe 3 na nusu vya supu ya kuku. Nasisitiza mapaja. Nyama ya kidari hukauka upesi, na hapa kuku anakaa motoni muda mrefu. Paja lina mafuta ya kutosha kuvumilia.

Anza na soseji. Zikate miduara, ziweke kwenye sufuria yenye mafuta kidogo sana, moto wa wastani, uziache zitoe mafuta yake. Zikishika rangi zitoe. Kuku umfute maji kwa karatasi ya jikoni kwanza, kwa sababu nyama yenye maji inachemka badala ya kukaangika. Mpake chumvi kidogo, pilipili manga na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kisha mpange kwenye yale mafuta ya soseji, vipande vichache kwa wakati. Usivigeuze geuze. Kipande kilichoshika rangi huachia chenyewe. Kikiwa bado kinang'ang'ania kitako, kipe dakika nyingine. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira, na hapa ndipo pishi zima lilipo.

Ukimtoa kuku utaona kitako kimejaa kahawia. Usikioshe! Tia vitunguu maji, hoho na seleri vilivyokatwa vidogo, na chumvi kidogo ili vitoe maji. Maji hayo yanalainisha ile kahawia, nawe unaikwangua kwa mwiko wa mti mpaka kitako kiwe safi. Kama imegeuka nyeusi, hiyo imeungua na ni chungu, haifai kuendelea nayo. Osha sufuria uanze na mafuta mapya. Kitunguu saumu kije mwisho, kwani huungua haraka.

Sasa pilipili. Kinachowasha ndani yake, kapsaisini, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Ndiyo maana unga wa pilipili nautia wakati vitunguu vinakaangika, ukali usambae kwenye kila punje. Ukiumwaga juu ya wali ulioiva, utauma sehemu moja na kwingine usiusikie. Kijiko kidogo kimoja kinatosha kwa kuanzia. Anayetaka zaidi aongeze pilipili mbichi kwenye sahani yake, maana ukali uliokwishaingia hautoki. Mlaji akizidiwa, mpe maziwa au mtindi, maji hayamsaidii sana.

Mchele uoshe mpaka maji yawe karibu maangavu, uuchuje vizuri, halafu uukaange humo kwa dakika mbili hivi hadi kila punje ing'ae kwa mafuta. Hilo linausaidia wali uchambuke. Rudisha kuku na soseji, mimina supu ikiwa ya moto, kisha onja huo mchuzi. Unapaswa kuzidi chumvi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu mchele utainywa. Lakini onja kabla ya kuongeza chochote: soseji zina chumvi, na supu ya vidonge nayo ina yake.

Ikichemka, funika, punguza moto kabisa, uiache dakika 18 hadi 20. Usifunue, usikoroge. Mvuke ndio unaoivisha punje za juu, na kukoroga kunatoa wanga na kuufanya wali ushikamane. Kisha zima moto uache sufuria imefunikwa dakika 10 zaidi. Ndipo ugeuze kwa uma, utie majani ya vitunguu na ndimu kidogo. Kipande kikubwa cha kuku kikate uangalie. Kama una kipimajoto, kiini kifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Ukipika kwa watu wengi, usizidishe supu kwa kipimo kilekile cha mchele. Sufuria kubwa iliyojaa haipotezi mvuke mara mbili kwa sababu tu mchele umekuwa mara mbili. Kwa vikombe 4 vya mchele mimi naanza na vikombe 6 na nusu vya supu, na nikiona punje bado ngumu naongeza maji ya moto, kidogo kidogo.

Kilichobaki usikiache mezani hadi asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa na huamka wali ukikaa vuguvugu. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na kesho upashe mara moja tu, na matone ya maji, mpaka utoe mvuke kote.