Maswali yenu kuhusu hita ya gesi ya nje: moshi, mitungi na waya wa athi

Maswali yamerundikana na mengi yanafanana, kwahiyo nimeyafupisha nijibu kwa mkupuo. Mashine tunayoongelea ni ile hita kubwa ya gesi ya kupasha nyumba inayokaa nje, boksi moja lina vichomeo na feni ndani yake, inasukuma hewa ya moto kuingia nyumbani kupitia dakti, yaani bomba kubwa la kupitishia hewa, na dakti nyingine inairudisha hewa iliyopoa ipashwe tena. Naona wengi mnaandika kama vile mashine ikishakaa nje basi hatari imekwisha, ndo maana sehemu zingine nimejibu kwa ukali kidogo, mtanisamehe.

Fundi, nimepata hita ya ndani iliyotumika kidogo, nataka niiweke nje kwenye kibanda cha mabati ili moshi usiingie nyumbani. Kuna shida?

Shida ipo tena kubwa. Hita ya ndani bati lake halijazibwa kuzuia mvua, bodi yake ya umeme iko karibu wazi, na vichomeo vyake vinataka hewa iliyotulia, upepo ukivuma unausukuma mwali utoke kwenye njia yake uanze kuunguza nyaya. Alafu kukiwa na baridi kali moshi unapoa haraka mno ndani ya zile chemba za chuma ambazo moto unapita, mvuke unageuka maji yenye asidi, na chuma ambacho hakikuandaliwa kwa hayo maji kinaliwa kutokea ndani ambako wewe huoni.

Na hicho kibanda ndo kinaniogopesha zaidi. Mtu anaziba kila tundu mvua isipenye, hewa nayo inakosa pa kupita, moto unakosa oksijeni ya kutosha na unaanza kutoa kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, na kibanda chenyewe kimeegeshwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Angalia kile kibati cha kiwandani kilichobandikwa kwenye mashine, lazima kiseme imeruhusiwa kufungwa nje. Kama hakisemi, usiifunge nje hata kama bei ilikuwa ya kutupa.

Niiweke upande gani wa nyumba? Mke wangu anataka nyuma isionekane, mimi nataka karibu na dirisha la sebuleni dakti ziwe fupi.

Kwenye dirisha umeshindwa kaka, muache shemeji ashinde. Dakti fupi ni kitu kizuri kweli, joto halipotei njiani, ila moshi wa mashine unatoka ubavuni au juu na ukikuta dirisha limefunguliwa unaingia. Kila mashine kitabu chake kimeandika umbali, na umbali huo ndo wa kufuata pamoja na sheria za unapoishi, lakini ili uwe na picha kichwani, kipimo kinachokutwa mara nyingi ni kama mita 1.2 kutoka kwenye dirisha au mlango, na tundu lolote linalovuta hewa kwa feni kuingiza ndani linatakiwa kukaa mbali zaidi ya hapo.

Usiiweke chini ya varanda wala chini ya ngazi, wala kwenye kona iliyozungukwa na kuta pande tatu, moshi unazunguka hapohapo na mashine inaanza kuvuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi. Ikae juu ya slabu ya zege iliyonyooka kwa pima maji, iliyoinuka kuliko ardhi ili maji ya mvua yasituame chini yake, na kama kwenu theluji inaanguka basi iinuke kupita kimo ambacho theluji huwa inafika. Acha nafasi mbele ya mlango wake fundi aweze kupiga magoti na kufanya kazi, hii watu wanaisahau kabisa, wanapanda maua pale.

Mashine yangu imeandikwa ya gesi asilia ya bomba lakini mimi natumia mitungi ya LPG. Si gesi ni gesi? Itawaka tu?

Kuwaka itawaka, tatizo liko hapo hapo. LPG, yaani propani, butani au mchanganyiko wake, ina nguvu nyingi kuliko gesi asilia, ukichukua ujazo uleule propani inabeba joto kama mara mbili na nusu. Kwahiyo tundu la nozeli lililotobolewa kwa ajili ya gesi asilia litapitisha gesi nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuunguza, mwali unakuwa mrefu wa njano, masizi yanajaa kwenye chemba, na kaboni monoksaidi inazalishwa kwa wingi. Hata presha hazifanani, hita nyingi za aina hii zinataka gesi asilia ifike kwenye vichomeo ikiwa na presha ya karibu kPa (kilopaskali) 0.87, ila propani inatakiwa iwe kama kPa 2.5 hivi.

Kuna seti ya vipuri vya kubadilisha inayotolewa na mtengenezaji wa mashine hiyohiyo, ndani kuna nozeli ndogo, springi ya regyuleta, na stika ya kubandika ili fundi wa kesho ajue mashine imeshabadilishwa. Anayefunga anatakiwa apime presha kwa geji baada ya kumaliza, asiangalie rangi ya moto akasema iko sawa. Na akikuambia atatoboa nozeli kwa drili au atakaza tu regyuleta, mlipe nauli aende nyumbani.

Jambo lingine ni kwamba LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, mitaro na vyumba vya chini ya ardhi, ikisubiri cheche. Gesi asilia yenyewe ni nyepesi, inapanda. Ndo maana mitungi haitakiwi kukaa karibu na shimo la maji taka wala kidirisha cha chumba cha chini, na isimame wima muda wote.

Mtungi wangu wa kilo 15 unakuwa bado mzito lakini alfajiri kwenye baridi mashine inakataa kuwaka. Mtungi mbovu?

Mtungi mzima. Ndani gesi iko kwenye hali ya kimiminika na lazima ichemke igeuke mvuke ndo itoke, butani inachemka kwenye karibu nyuzi sifuri, kwahiyo kukiwa na baridi inayogandisha maji butani inabaki imelala chini ya mtungi kama maji tu. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, haina hayo matatizo kwa watu wengi. Mchanganyiko wako yaelekea una butani nyingi.

Ila hata ukipata propani tupu, piga hesabu. Hita ya kilowati 25 ikiwaka bila kupumzika inakula karibu kilo 2 za gesi kwa saa, yaani huo mtungi wako unaisha kabla usiku haujaisha, na mtungi mdogo hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo, unajipoza wenyewe, unavaa barafu nje na presha inaanguka. Hita ya nyumba nzima inataka tangi kubwa au mitungi kadhaa mikubwa iliyounganishwa. Na tafadhali msije mkamwagia mtungi maji ya moto au kuuwekea jiko la mkaa pembeni ili uchangamke, najua kuna watu wanafanya.

Nimeunga mabomba ya maji miaka mingi na hayajawahi kuvuja. Kwa nini nilipe fundi gesi?

Bomba la maji likivuja unaona tope. Kuunganisha uzi wa bomba unaweza, sikatai, ila kazi ya gesi iko kwenye vipimo na vipimo hivyo vinataka vifaa na mtu aliyesajiliwa, sehemu nyingi sheria inasema hivo na bima ya nyumba nayo inaweza kukukataa ukifunga mwenyewe. Kuna kuchagua unene wa bomba kulingana na urefu wake na ukubwa wa mashine, bomba likiwa jembamba presha inafika imechoka. Kuna koki ya kufungia inayokaa karibu na mashine. Kuna kipande kifupi cha bomba kinachoning'inia chini kabla gesi haijaingia kwenye mashine, kazi yake kukamata uchafu na chembe za chuma zisiende kuziba vali, ukiona kazi imeisha na hicho kipande hakipo uliza.

Alafu bomba linajazwa hewa au naitrojeni kwa presha kubwa kuliko ya kawaida na geji inaachwa isomwe, ikishuka kuna sehemu inavuja. Wakati wa kupima hivo mashine inatakiwa iwe imetenganishwa kabisa, kwa sababu vali nyingi za hita hazivumilii zaidi ya kPa 3.5, ukiipigia presha ya majaribio unaiua ndani kwa ndani na nje inaonekana mpya. Kwenye viungo vya uzi inatumika tepu au dawa iliyoandikwa ni ya gesi, zile konekta zinazobana chuma kwa chuma hazipakwi kitu chochote. Mwisho ni povu la sabuni kwenye kila kiungo na gesi ikiwa imefunguliwa. Kiberiti hapana, sijali babu yako alifanya hivo akaishi miaka tisini.

Wewe kwa ujuzi wako mwaga slabu, safisha eneo, andaa njia ya dakti. Hapo umeshapunguza gharama sana tu.

Imefungwa vizuri, inawaka sekunde chache inazima, inajaribu tena inazima. Fundi anasema bodi imekufa.

Kabla hujanunua bodi, angalia athi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Ndani ya mwali kuna kijiti cha sensa, na mashine inajua moto upo kwa kupitisha umeme mdogo mno katikati ya mwali mpaka kwenye chuma cha vichomeo, tunaongelea sehemu za milioni za ampia. Huo umeme unarudi kupitia athi. Athi isipokuwepo au ikiwa imelegea, mashine inaona giza, inadhani gesi inamwagika bila kuwaka, inafunga vali, na hapo imefanya sawa kabisa. Waya wa laini (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zikibadilishana nafasi nazo zinaleta vituko hivyohivyo kwenye mashine nyingi. Sensa ikiwa chafu pia, inasuguliwa taratibu kwa pamba ya chuma.

Kwa ujumla hita ya nje inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye breka yake, na swichi ya kukata umeme iliyokingwa na mvua mahali ambapo mtu akiwa kwenye mashine anaiona. Usiibe umeme kwenye taa ya varanda.

Mashine iko nje, moshi unaishia nje. Sasa alamu ya kaboni monoksaidi ndani ya nini?

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Fikiria ile dakti ya kurudisha hewa, feni inaivuta kwa nguvu, kwahiyo ikiwa na ufa au kiungo kilichoachia karibu na mashine haitoi hewa, inanyonya hewa ya nje ya pale pale moshi unapotokea, na kuisambaza chumba kwa chumba. Njia ya pili ni chemba za chuma kupasuka, maana upande mmoja unapita moto na upande wa pili inapita hewa mnayovuta, kinachowatenganisha ni bati tu ambalo kila siku linatanuka na kusinyaa. Njia ya tatu nimeshaisema, dirisha.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu mbaya mnayoijua imewekwa kwenye gesi ambayo haijaungua, gesi ikishaungua nayo imeungua. Mkianza kuumwa kichwa nyumba nzima, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni wote na mpige simu ya dharura mkiwa nje, msirudi kuzima mashine. Alamu ziwe karibu na vyumba vya kulala na kila ghorofa, na zina tarehe ya kufa imeandikwa nyuma, mkaiangalie leo. Alamu ya gesi inayovuja ni kifaa kingine: ya LPG inafungwa chini karibu na sakafu, ya gesi asilia inafungwa juu.

Viungo vyote vya dakti vizibwe kwa masitiki (gundi nzito ya kuzibia) au tepu ya foili ya dakti, na sehemu iliyo nje ivikwe sponji ya kuzuia joto na juu yake kitu cha kuzuia mvua na panya.

Naweza kuifunika kwa turubai?

Ikiwa inafanya kazi, hapana, hata nusu. Msimu wa joto ukiwa umeizima kabisa umeme na gesi, sawa, ila weka kikaratasi kwenye thamostati, ile swichi ya kupangia joto, kinachosema imefunikwa.

Nichukue kubwa zaidi ili nyumba ipate joto haraka?

Hapana. Kubwa kupita kiasi inawaka dakika chache inazima, kutwa nzima hivo, chuma kinachoka mapema na vyumba vya mwisho vinabaki baridi. Fundi apige hesabu ya joto linalopotea kwenye kuta, madirisha na dari, asikadirie kwa idadi ya vyumba. Na mkilinganisha mashine angalieni joto linalotoka, maana hita iliyoandikwa Btu (kipimo cha joto) 100,000 kwa saa yenye ufanisi wa asilimia 80 inakupa 80,000, yaani kama kilowati 23.

Bomba la gesi litapita chini ya uwanja. Naweza kuchimba mtaro mwenyewe?

Chimba, ila kwanza ulize mamlaka za maji, umeme na mawasiliano kuna nini chini. Kina unapewa na sheria za kwenu, mara nyingi ni kati ya sentimita 30 na 45 au zaidi, chini uweke mchanga usio na mawe. Likiwa bomba la plastiki linafukiwa pamoja na waya wa kulitafutia siku za mbele, na tepu ya onyo juu yake kabla hujafika usawa wa ardhi, na plastiki hiyo haitakiwi kutokeza juu ikakaa wazi bila kipande maalumu cha kuilinda. Usirudishe udongo mpaka fundi apime presha na mkaguzi aone mtaro ukiwa wazi.