Alichonifundisha Bibi: Ukoo Huulizwa Msibani

Bibi yangu mzaa mama hakuwa mtu wa kukosa msiba. Mvua inyeshe, magoti yaume, akisikia kuna aliyefiwa Pongwe, Ngomeni au hata Korogwe, atajifunga khanga zake, atatafuta nauli, atakwenda. Majirani walimsifu kwa utu wake, na utu alikuwa nao. Lakini sisi wajukuu tuliolala naye chumba kimoja tulijua na jingine: Bibi alikuwa anakwenda kuuliza. Marehemu mama yake katokea wapi? Nani alimlea? Yule mzee aliyekaa peke yake karibu na mlango ni nani wake? Akirudi, hata miguu hajanawa, ataita mjukuu mmoja ashike daftari na kalamu, naye ataje.

Alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Tangu hapo watu wa rika langu wananiuliza tulifanyaje mpaka tukawa na habari za ukoo zinazorudi nyuma hivyo, hali sisi ni watoto wa kambi za mkonge. Jibu langu ni njia ya Bibi, na naiamini kuliko nyingine yoyote niliyowahi kusikia.

Kwanza mjue tulikotoka. Baba yake Bibi alikuwa Muha wa Kasulu aliyeletwa Tanga kama manamba. Mashamba ya mkonge yalikuwa na njaa ya watu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi na Rwanda. Mtu alipandishwa treni, kisha lori, akashushwa kambini kati ya watu asiojua lugha yao. Wengi hawakurudi kwao tena. Walioa huku, wakazaa huku, na mama yake Bibi alikuwa Mbondei wa Muheza. Kwa hiyo upande mmoja wa ukoo ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na upande wa pili ulikuwa mwisho wa reli.

Sasa fikiria: Muha mmoja yuko shamba hili, mwingine shamba lile, kila mmoja na kazi yake toka alfajiri. Watakutana lini? Akifa mmoja wao. Hapo ndipo watu wa kwao watatoka mashamba yote, watalala kwenye mikeka, na usiku wataanza kusimuliana. Bibi aliliona hilo tangu msichana. Ndiyo maana nasema historia ya ukoo huulizwa msibani, hasa kwa familia zilizotawanyika. Leo kambi hazipo kama zamani lakini kutawanyika ndiko kumezidi. Mtu yuko Dar, mwingine Mwanza, mwingine Muscat, na kinachowakutanisha bado ni kifo.

Ila kuna adabu yake. Usitoe daftari siku ya maziko. Siku hiyo wewe beba maji, osha vyombo, kaa na wafiwa. Maswali yana wakati wake, nao ni ule usiku baada ya kuondoa tanga, wageni wa heshima wameshaondoka na waliobaki ni wenyewe kwa wenyewe. Bibi hakuwa anamwambia mzee "nisimulie historia ya ukoo." Ukimwambia mzee hivyo atakujibu kwa maneno ya hotuba, kisha atanyamaza. Alikuwa anauliza kitu kidogo cha kushikika: mlipofika kambini mara ya kwanza mlilala wapi? Nani aliwapikia? Ugali wa nini? Mzee akishaanza na ugali, majina ya watu huja yenyewe, kwa sababu ugali ulipikwa na mtu.

Tarehe ndizo zinazowakatisha wengi tamaa, na hapa Bibi alikuwa hodari kupita kiasi. Kitambulisho chake kilisema amezaliwa 1955. Yeye alikataa kabisa. Siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, yeye alikuwa mwali, yuko ndani, alisikia ngoma na vigelegele nje na hakuruhusiwa kutoka. Mtoto wa miaka sita hawi mwali. Basi tukapiga hesabu kurudi nyuma. Baba yake aliletwa na SILABU, kwa hiyo si kabla ya 1944. Na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba alipopakiwa kwenye lori vita ya Hitla ilikuwa haijaisha, kwa hiyo si baada ya 1945. Bibi alikuwa mtoto wa kwanza, na mama yake aliolewa "mwaka uliofuata." Ukiunganisha yote, amezaliwa 1946 au 1947. Hakuna karatasi iliyotwambia hivyo. Ni matukio mawili matatu yaliyobanwa pamoja. Kila familia ina matukio ya namna hii. Kwenu inaweza kuwa Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio la Arusha, kuhamishwa Vijiji vya Ujamaa, vita ya Kagera au kuzama kwa MV Bukoba. Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani. Muulize siku ile alikuwa anafanya nini, na alikuwa na mtoto yupi mgongoni.

Majina nayo yana mtego. Baba yake Bibi alikuwa na jina la kwao, jina la kusilimu, na jina aliloandikwa na karani wa shamba kwenye kipande, ile kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Karani aliandika alivyosikia. Kwa Wabondei aliitwa kwa jina la pili, kwa Waha wenzake kwa jina la kwanza, na karatasi iliyobaki ina la tatu. Mtu asiyejua angehesabu wanaume watatu. Andikeni majina yote ya mtu mmoja mstari mmoja, na pembeni nani alimwita hivyo.

Kuhusu mahali, msiridhike na jina la kijiji. Miaka ya 1970 watu wa Kigoma walihamishwa kwa maelfu kuingizwa katika vijiji vipya, na jina analolikumbuka mzee aliyeondoka 1944 pengine halina mtu wa kuliitikia leo. Bibi aliuliza himaya, mto, na kilima. Alipopata kwamba baba yake alikuwa wa Heru, na mto waliochota maji, akawa na cha kumwambia kila Muha aliyekutana naye. Ndivyo msibani Korogwe alivyompata kijana mmoja ambaye bibi yake alichota maji mto huohuo. Kutoka kwa huyo kijana tukafika Kasulu, kwa watu wa dada yake baba wa Bibi.

Kitu kingine ninachowaomba ni msiwaache wanawake. Katika madaftari mengi niliyoonyeshwa utakuta fulani bin fulani bin fulani, na wake zao wameandikwa "mke." Sisi tungekuwa tumepotea kama Bibi angefanya hivyo, maana uzi wetu wa Kigoma umeshikwa na shangazi.

Na mambo ya aibu je? Yapo kila ukoo: mtoto wa nje, ardhi iliyochukuliwa, aliyekuwa mtumwa kabla hajawa ndugu. Bibi aliyajua na aliyataja, lakini kwa sharti kwamba hayo yaandikwe daftari la peke yake, lisisomwe hadharani wahusika wakiwa hai. Nadhani alikuwa sahihi. Kuyajua ni haki ya kizazi kijacho, ila si ruhusa ya kumvunjia mtu ndoa leo.

Daftari la wazi lenyewe lilikuwa likisomwa kila hitima nyumbani kwetu. Kabla ya dua, majina ya marehemu wote hutajwa ili warehemewe, na Bibi alitaka yasomwe polepole, kwa sauti. Sababu ni kwamba siku zote kutoka jikoni au nyuma ya pazia kutasikika sauti: "Mmemruka fulani!" au "Huyo si mdogo wake, ni mkubwa wake!" Anasimamishwa msomaji, inajadiliwa, inarekebishwa, dua inaendelea. Fanyeni hivyo kwenu, kwa dini yoyote mliyonayo. Daftari lililofungiwa kabatini halina wa kulisahihisha.

Baada ya arobaini yake tulitoa nakala na kuzituma kila upande. Ile ya Kasulu imerudi juzi ikiwa na marekebisho kwa wino mwekundu: wamebadilisha mpangilio wa ndugu watatu, wamefuta mmoja wanayesema alikuwa jirani, na pale tulipokuwa tumeacha nafasi wazi kwa jina la mama yake baba wa Bibi, wamelijaza.