Usimwachishe mzee klopidogreli!

Mkuu, soma hapa kabla hujafanya lolote. Umesema baba yako alipata shambulio la moyo akawekewa stenti, kile kiwavu cha kushikilia mshipa wa moyo uwe wazi, miezi minne iliyopita, sasa anapanda ngazi bila kuhema, fizi zinamtoka damu, na kuna jamaa kakushauri aache klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, anywe kitunguu saumu na tangawizi. Mimi nilishauriwa hayohayo mwezi wa tano baada ya stenti yangu.

Nilijiona mzima. Fizi zilitoka damu, mapajani madoa ya bluu. Muuza dawa za asili mtaani akaniambia damu imekuwa nyepesi mno, vidonge vya hospitali vitaniua, nibaki na aspirini na chupa zake mbili kwa mwezi. Hakupima chochote. Hakuuliza hata stenti iliwekwa lini! Nikaacha klopidogreli. Siku ya tisa, saa kumi alfajiri, kifua kikabana, maumivu yakapanda hadi tayani, shati likalowa jasho. Tukapoteza saa tatu tukidhani ni gesi. Walipopiga picha ya mishipa, damu ilikuwa imeganda ndani ya stenti ileile. Leo kwa kila pigo moyo wangu unasukuma asilimia 35 ya damu iliyomo, wakati wa mtu mwenye afya ni kama 55 na kuendelea. Shamba nimekodisha, jembe siliwezi. Nilipomfuata yule muuzaji, akanijibu kwamba sikumaliza dozi. Bado anauza chupa zake palepale, na bado inaniuma.

Stenti ni wavu wa chuma. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uufunike, chembe za kugandisha damu huuvamia kama jeraha. Aspirini na klopidogreli huzizuia kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo moja haishiki nafasi ya mbili. Baada ya shambulio kawaida huandikwa zote mbili kwa mwaka mzima, kisha aspirini inaendelea. Muda huo unaweza kufupishwa kwa anayetoka damu, ila aamue daktari wa moyo anayemtibu. Hata wa kung'oa jino ampigie yeye kwanza. Mpigie kesho umweleze hizo fizi.



Kifua kikimbana tena, atafune aspirini ya miligramu 300 kama haimdhuru, na gari liondoke saa hiyohiyo.

Kidonge cha leo amemeza?