Kumsifu Mungu moyo ukiwa mkavu, je, ni unafiki?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Swali lako nimelisoma jana usiku mara mbili, nikaona haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo univumilie. Umesema mama yako anaumwa mwaka wa pili sasa, mmeomba mpaka mmechoka, na kila Jumapili kipindi cha kusifu kikianza unasimama na wenzako, unapiga makofi, huku ndani hamna kitu. Unauliza kama huo si unafiki, na kama si afadhali ubaki nyumbani mpaka moyo urudi.

Usibaki nyumbani. Hilo nalitanguliza, mengine nitakueleza nilivyoyapata.

Mimi ni Mmoraviani, muumini wa Kanisa la Moraviani, wa Rungwe mkoani Mbeya, naimba besi tangu nilipopata kipaimara. Mke wangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Kwa miezi 14 tulikuwa watu wa njiani: Tukuyu hadi Mbeya, Mbeya hadi Dar, zaidi ya kilomita 800 kwenye basi, yeye kaniegemea begani na bahasha ya vipimo iko mapajani kwangu. Tuliomba. Tulifunga. Ushirika mzima ulifunga pamoja nasi.

Katika siku hizo alikuja mtu mmoja kutuombea, mtumishi wa mahali pengine. Alipomaliza kuomba akamwambia mke wangu, yuko palepale kitandani, kwamba asipopona ajue kuna mahali imani yake imepungua. Mke wangu akamwambia binti yetu amletee mgeni chai. Mgeni alipoondoka akageukia ukutani, hakusema neno hadi jua lilipozama. Yule mtu nilishamsamehe. Lile fundisho siwezi kulisamehe. Bwana wetu aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu maneno yaleyale, na kikombe hakikuondoka. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua? Dada, kama kuna anayemwambia mama yako maneno ya namna hiyo, mzuie mlangoni.

Mke wangu alilala Januari, mvua zikiwa zimekolea. Tukamzika kwenye makaburi ya ushirika.

Hapa ndipo ninapokutana na swali lako. Baada ya mazishi sikumkataa Mungu. Ningeulizwa kama yupo, ningesema yupo. Ila sikuwa na neno la kumwambia. Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi ya kusoma neno la siku kila asubuhi kabla ya chai. Sisi Wamoraviani tunalo hilo tangu kule Herrnhut, Ujerumani. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hadi leo mstari wa Agano la Kale wa kila siku hupatikana kwa kura. Kitabu chetu kilikuwa na utepe mwekundu, na aliyekuwa akiusogeza ni yeye. Ule utepe ukabaki kwenye tarehe aliyofariki. Asubuhi nakipita kitabu pale mezani kama ninavyopita mlango wa mtu niliyegombana naye.

Mwalimu wetu wa kwaya alinifuata nyumbani wiki ya sita. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Kaka, besi imebaki na watu watatu." Nikaenda. Nikasimama mahali pangu, mstari wa nyuma, wimbo ukaanza, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Machozi nayo hayakutoka. Nilisimama hivyo nyimbo tatu nzima, mdomo wazi, na nikawaza neno lilelile ulilolitumia wewe: mnafiki.

Baada ya mazoezi nilimwambia mwalimu sirudi tena. Akaniuliza, "Lile neno la mwisho la wimbo, mnaloshikilia muda mrefu, wewe huwa unapumua wapi?" Nikamwambia, kama anavyojua, hatupumui pamoja. Mimi nikikatisha kuvuta pumzi, jirani yangu anakuwa ameshikilia. Akikatisha yeye, mimi nimesharudi. Tukipumua wote kwa mpigo mmoja sauti inakatika na wimbo unaanguka. Tukipokezana, aliyeko kwenye benchi anasikia sauti moja isiyokatika, wala hajui nani amenyamaza saa ngapi. Akasema, "Basi wewe sasa hivi unavuta pumzi. Vuta. Ila usitoke kwenye mstari."

Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonifaa kuliko hayo.

Unajua, jambo hili tunalo tangu zamani ila tulikuwa tunalisimulia kama historia tu. Agosti 1727 kule Herrnhut, ndugu 24 na dada 24 waliagana kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, mchana na usiku. Zamu hiyo iliendelea zaidi ya miaka 100, na ni miongoni mwa watu wale walikotoka wamisionari, hata hao waliofika Rungwe mwaka 1891. Nilifundishwa hayo nikiwa mtoto, nikawa nastaajabia nguvu za watu wale. Siku hizi nastaajabia kitu kingine: kila mmoja wao alikuwa na saa ambazo haombi. Alilala, alifua, aliuguza, pengine alikaa tu akitazama moto umekufa jikoni, na maombi hayakukatika kwa sababu kulikuwa na mwingine kwenye zamu. Tumewafundisha watu vibaya kwamba imani ni mzigo wa kichwani, kila mtu na wake. Mimi nimeona ni kama jeneza: linabebwa na watu wengi, wanabadilishana mabega njia nzima, na anayeachia bega hatoki kwenye msafara.

Pasaka ikafika. Kwetu ibada ya alfajiri inafanyika makaburini. Nayo ilianzia Herrnhut, mwaka 1732, vijana walipokwenda makaburini kabla ya jua. Tulitoka kanisani gizani, mvua imekatika usiku ule, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Akina mama wamepandisha vitenge juu ya matope. Wapiga tarumbeta wametangulia, na nikamwona kijana mmoja ameweka kile kipande cha kupulizia ndani ya kiganja, anakipasha joto kwa pumzi, anakifunika, anakipasha tena, maana kikiwa baridi sauti inatoka chini ya inavyotakiwa. Tukafika. Udongo wa kaburi la mke wangu ulikuwa umeanza kutitia upande wa miguuni, na maji yametuama pale.

Mchungaji akasema, "Bwana amefufuka!" Watu wakajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Mimi sikujibu. Matarumbeta yakapiga, wimbo ukaanza, bado nimefunga mdomo. Kulia kwangu alisimama bibi mmoja wa kijiji cha jirani, watoto wake wawili wamelala katika makaburi yaleyale. Alikuwa anaimba kwa Kinyakyusa wakati wengine wanaimba kwa Kiswahili, sauti imechakaa, hashiki hata noti. Katikati ya wimbo alinishika mkono juu ya kiwiko, hakunitazama, akaendelea kuimba. Tulikuwa tumesimama hivyo mpaka beti zikaisha. Mwisho akasema kama anayeongea na mtu aliye karibu, "Ndaga fijo, Kyala." Asante sana, Mungu. Kisha akaniachia mkono akaenda kusimama kwa watoto wake.

Sikuimba siku ile, dada. Nisikudanganye kwamba mbingu zilifunguka. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba sifa zilipita juu ya kaburi la mke wangu, na mimi nilikuwa ndani yake, nimenyamaza.

Usiku wa Jumatatu ya Pasaka nikafungua Biblia, nikakutana na Zaburi ya 88. Isome, kisha uangalie inavyoishia: gizani. Hakuna mstari wa kugeuza mambo. Halafu angalia maandishi madogo ya juu: ni wimbo, wa wana wa Kora, umekabidhiwa mwimbishaji. Kwa mtu wa kwaya kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Maana yake mtu aliandika uchungu usio na mwisho mzuri, akampelekea mwalimu wa kwaya, na mwalimu akawafundisha watu wauimbe mbele za Mungu. Zaburi ya 13 nayo ni hivyohivyo, ya mwimbishaji. Ina mistari sita tu, na miwili ya kwanza imebeba "hata lini" nne. Ndipo mwishoni Daudi anasema atamwimbia Bwana. Malalamiko na sifa ni wimbo mmoja, pumzi moja, hakuna aliyekatisha akasema subiri kwanza moyo utulie.

Kwa hiyo nikujibu sasa. Mnafiki ni yule anayemficha Mungu kilichomo moyoni. Wewe umekuja ukakisema hadharani. Kaliseme hilohilo kwa Mungu kwanza. Jumapili kabla hujatoka nyumbani, hata kama ni chooni kwa dakika tatu, mwambie: Bwana, sina kitu leo, na nimekuudhikia kwa ajili ya mama. Kisha nenda ukasimame na wenzako. Usiinue mikono kama haitaki kuinuka. Usijilazimishe tabasamu. Kama kiongozi wa sifa ni wa aina ile ya "mwambie jirani yako, changamka!", mvumilie, ni kijana, naye siku moja atasimama kaburini. Simama tu. Sikiliza wengine wanavyoimba yale unayoshindwa, na uyahesabu kuwa ni yako pia.

Na kuna jambo moja ambalo limenishika kuliko yote. Mathayo na Marko wote wawili wanaandika kwamba baada ya kula Pasaka, Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Desturi ya Wayahudi usiku wa Pasaka ni kuimba Zaburi za 113 hadi 118. Ndani ya hiyo 118 mna ile "siku hii ndiyo aliyoifanya Bwana", ambayo sisi tunaipigia makofi kwenye harusi. Ikiwa waliimba kama ilivyokuwa desturi, basi maneno hayo yalitoka kinywani mwake akijua Yuda ameshatoka, akijua bustani inamngoja. Aliimba kwanza. Saa hiyohiyo akaenda kulia kifudifudi. Simwoni mnafiki pale.

Sauti yangu ilirudi mwezi wa Septemba, siku ya mazoezi ya kawaida, kwenye wimbo ambao hata siupendi sana. Jirani yangu wa kushoto alivuta pumzi, nikajikuta nimeshikilia. Ule utepe mwekundu sasa anausogeza binti yetu.

Tangu mwaka ule sisi watu saba wa kwaya tumegawana saa za alfajiri, kila mmoja na yake, na tuna daftari la majina ya wagonjwa. Zamu yangu ni saa kumi hadi saa kumi na moja. Jina la mama yako si lazima uliandike hapa, nitamwandika "mama wa dada wa jukwaani", Mungu anamjua. Kesho alfajiri wewe lala.