Kuoka biskuti na watoto wadogo mzazi mmoja akiwa safarini

Mzazi mmoja akisafiri, anayebaki ana mikono miwili tu, na watoto wa miaka mitatu hadi saba wanataka kushika kila kitu kwa mpigo. Kwa hiyo okeni biskuti, keki iache. Mchanganyiko wa keki wenye bekingi poda hauna subira: ukikaa, mapovu yanapotea na keki haiumuki vizuri. Donge la biskuti unaweza kulifunika na kuliweka kwenye friji hata saa nzima, mmoja akitaka kwenda msalani au mwingine akiangua kilio.

Biskuti 25 hadi 30 zinahitaji gramu 250 za unga wa ngano, gramu 125 za siagi, gramu 100 za sukari, yai moja, kijiko cha chai kimoja cha vanila na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole. Bekingi poda haina kazi hapa, maana tunataka umbo alilokata mtoto libaki vilevile likiiva. Toa vyombo vyote kabla hujawaita, na utandike kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli lisiteleze. Aliyefika miaka sita mwachie mizani. Wa miaka mitatu amimine vilivyokwisha kupimwa.

Siagi iwe laini kiasi cha kubonyea kwa kidole, isiwe imeyeyuka. Iliyoyeyuka hutandaa kwenye oveni kabla unga haujashika, na nyota ya mtoto inatoka duara. Isugue na sukari, kisha tia yai na vanila. Yai livunjiwe kwenye kikombe chake peke yake. Mtoto wa miaka minne hugonga mara mbili kwa woga, ya tatu analiponda. Kipande cha ganda kikizama, kichote kwa ganda kubwa lililobaki, ni rahisi kuliko kijiko. Mikono ioshwe kwa sabuni papo hapo. Na wasilambe donge: hatari haiko kwenye yai tu, hata unga mbichi unaweza kuwa na bakteria. Wawekee zabibu kavu kando, kinywa kipate kazi.

Ukishatia unga na chumvi, changanya mpaka unga mkavu usionekane tena, basi. Watoto hupenda kukanda, lakini kukanda hukaza gluteni, protini ya ngano inayovutika, na biskuti zinakuwa ngumu. Hapo hapo gawa donge: fungu kwa kila mtoto, na fungu moja la aliye safarini.

Hilo fungu la mwisho ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Biskuti za leo huliwa leo, na kesho mtoto anakumbuka kuwa baba au mama hakupata hata moja, anaumia. Viringisha fungu hilo liwe kama kigogo chenye upana wa sentimita 4, lifunge vizuri kwa plastiki, mtoto achore alama yake juu, liingie friza. Linakaa hata miezi miwili.

Mafungu ya watoto yakae friji dakika 30. Huo ndio muda mzuri wa kumpigia simu ya video aliye mbali. Oveni ikishawaka, simu iwekwe chini.

Sukuma donge kwa unene wa nusu sentimita katikati ya karatasi mbili za kuokea, kisha watoto wakate maumbo yao. Ukinyunyiza unga kila mara, biskuti zinakauka. Oka kwa nyuzi joto 180, dakika 10 hadi 12, mpaka kingo ziwe kahawia hafifu. Trei ni kazi ya mtu mzima peke yake, watoto wakiwa wamekaa mezani. Mtoto akiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno.

Siku ya kurudi, kata kigogo kikiwa bado kimeganda, vipande vya nusu sentimita, uongeze dakika 2 za kuoka. Zikitoka ziache kwenye trei dakika 5 kabla ya kuzihamisha, maana zikiwa za moto bado laini na zinavunjika mkononi.