Ujerumani au Marekani: likizo, hela na maisha, nimefanya kazi kote kuwili

Mkuu umeuliza uende kwenye unesi Ujerumani au umfuate kaka yako Texas, ukasema Wazungu wa Ulaya hawapendi hela kama Wamarekani. Hapo sikubaliani, Mjerumani hela anaipenda sana tu, kinachowatofautisha ni sheria.

Ujerumani sheria ya likizo ipo tangu 1963, ukifanya kazi siku tano kwa wiki hupati chini ya siku 20 za kulipwa kwa mwaka na kampuni nyingi wanatoa mpaka 30. Ghalani Hamburg nilikokuwa, Januari kalenda inabandikwa ukutani kila mtu anajaza wiki zake, ukifika Septemba hujajaza bosi mwenyewe anakufuata, vipi wewe unaenda lini? Na ukiumwa ukiwa likizo ukapeleka cheti cha daktari zile siku unarudishiwa, mimi walinirudishia bila kelele. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, mwanzoni inaboa kweli, ila yule dada wa kaunta naye siku hiyo yuko na wanawe.

Sasa huku Marekani, niko jimbo la Ohio, sheria ya kazi ya nchi nzima ya 1938 ndiyo iliyoleta ovataimu lakini likizo ya kulipwa haimo mpaka leo, ni hisani ya mwajiri. Sehemu nyingi likizo na kuumwa vimewekwa kapu moja, yaani mtoto akishikwa na homa siku mbili basi safari yako ya Desemba imeshaliwa siku mbili, na bima ya afya ya familia iko kwa mwajiri huyohuyo, nani atathubutu kuomba wiki tatu? Kuna mama nafanya naye kazi, akitoka shifti anaingia kwenye Uber mpaka usiku, nilimuuliza utapumzika lini akasema nikimaliza bili ya hospitali ya mume wangu. Halafu mtu kama huyo ndiyo anaitwa mpenda hela, inaniuma sana.

Mshahara wa nesi Texas ni mkubwa, hilo sibishi, na Ujerumani kama huna familia kodi na bima zinakula zaidi ya theluthi. Ila kabla hujasaini ya Texas waulize likizo ya kulipwa siku ngapi, na bima ya mkeo na watoto utakatwa kiasi gani kwa mwezi, na wakujibu kwa maandishi.