Ziwa Paradise: Septemba au Januari?

Ndugu, umeuliza kama Septemba yafaa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Paradise, Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Nakusihi ungoje Januari. Ziwa limo ndani ya kasoko (shimo) ya volkeno na halina mto wa kudumu unaoliingia. Lategemea mvua, hasa za Aprili na Novemba. Kiangazi kikirefuka, maji hurudi nyuma, ukakuta uwanda wa majani na nyati wakilala. Mvua ikinyesha nayo, njia za msituni huteleza na magari hukwama. Ndiyo maana nasema Januari: mvua za Novemba zimekwisha kupita. Usiende ukingoni alfajiri: ukungu hufunika kila kitu (ndio unaounywesha msitu ule katikati ya jangwa). Ngoja jua lipande. Chukua sweta nzito. Usishuke hadi kando ya maji kwa miguu bila askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), ndovu wamo.